Kutoka Majestic ya Vuga Hadi Kibanda Umiza cha Katoro: Nani Kaachwa Nje ya Mlango?

Jumamosi saa mbili usiku pale Katoro, mkoani Geita, huna haja ya kuuliza kibanda umiza kiko wapi. Fuata sauti tu. Spika moja inatangaza mechi ya Ligi Kuu ya England. Nyingine, nyuma ya ukuta wa mabati, inatoa sauti ya DJ anayetafsiri filamu ya Kihindi kwa Kiswahili cha kitaani, na huyo DJ anamkaanga jambazi wa filamu kama vile anamdai hela. Mlangoni kijana amekalia ndoo iliyogeuzwa, anapokea jero au buku, kutegemea nani anacheza. Ndani ni mabenchi, joto na vijana waliotoka maduarani na vumbi bado liko kwenye nyusi. Tiketi hakuna. Namba ya kiti hakuna. Ukisimama mbele ya mtu utaambiwa ukae chini, na hutaambiwa kwa upole.

Nenda Kahama, nenda Kakola, nenda Nyarugusu, stori ni ileile. Ila kuna kitu ambacho watu wamekizoea mpaka hawakioni tena. Hesabu wanawake walioko ndani. Kidole kimoja kinatosha, na mara nyingi hata hicho hakitumiki. Mama yuko nje anauza karanga na mayai ya kuchemsha, dada yuko nyumbani na simu. Kuangalia filamu pamoja na umati, usiku, kwa hela yako mwenyewe, imekuwa mambo ya wanaume.

Haikuwa hivyo zamani. Kama bibi yako alikulia Unguja, Tanga au Dar miaka ya 1950 na 1960, muulize Jumapili jioni ilikuwaje. Jiandae, maana hatamaliza mapema.

Ushahidi bado umesimama, na uko mbali kidogo na Geita: jengo la Majestic Cinema, Vuga, Unguja. Mtu anaweza kuuliza Shinyanga inaingiaje hapo. Inaingia kwa njia ya reli. Filamu zilishuka kwenye bandari za pwani, zikaonyeshwa huko kwanza, kisha zikafungwa na kupandishwa treni kwenda bara. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na inapita Shinyanga mjini. Mwanza, mwisho wa reli, kulikuwa na kumbi za Tivoli na Liberty. Mikanda ya kwenda huko ilipita stesheni ya Shinyanga ikiwa ndani ya makopo yake, pamoja na magunia na abiria. Ukitaka kujua kilichoikuta sinema ya bara, anzia kule ilikoanzia safari.

Majestic haikuzaliwa na jina hilo. Ilifunguliwa mwaka 1921 ikiitwa Royal, na mwenye mradi alikuwa Hassanali Jariwalla, mfanyabiashara mwenye asili ya India. Mchoro ulitoka kwa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu, yuleyule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani pale karibu na Mnazi Mmoja. Kabla ya hapo watu wa Unguja walikuwa wanaangalia picha kwenye mahema na mabanda, na moja ya kumbi za mwanzo mji mzima uliijua kwa jina la Cinema ya Bati. Kwa hiyo ukicheka kibanda cha Katoro kwa mabati yake, kumbuka mji mkongwe nao ulianzia kwenye bati.

Baadaye ukumbi ukaingia mikononi mwa kampuni nyingine na ukabadilishwa jina kuwa Majestic. Mwaka 1954 ukaungua. Ungeweza kuishia pale, ukawa kiwanja cha magofu kama mengine. Lakini biashara ya sinema wakati ule ilikuwa inalipa kwelikweli, na mwaka uliofuata tu, 1955, jengo jipya lilikuwa limesimama, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania. Hili halikuwa na kuba wala mapambo ya kizamani. Lilikuwa la mtindo wa Art Deco, kitu cha kisasa kabisa kwa mji wenye milango ya nakshi na vichochoro. Ndilo jengo lililopo hadi leo.

Na lilifunguliwa wakati mzuri. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951, ilikuwa imeshashika watu wa pwani vibaya sana. Watu wasiojua neno moja la Kihindi waliimba nyimbo zake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1957 ikaja Mother India. Kuanzia hapo filamu ya Kihindi mpya Jumapili ikawa tukio la mji mzima: Waarabu, Wahindi, Wangazija, watu wa Ng'ambo na watu wa Mji Mkongwe, wote kwenye foleni moja. Hawakukaa viti vya bei moja, hilo lisipambwe. Mwenye nacho alikaa juu, asiye nacho alikaa mbele karibu na pazia mpaka shingo ikauma. Lakini waliingia jengo moja, wakalia sehemu moja ya filamu.

Vitabu vikizungumzia kumbi hizi vinawataja wenye mali na wasanifu. Sawa, wanastahili. Ila sinema haikuendeshwa na msanifu. Iliendeshwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Chukua yule wa baiskeli. Filamu moja ilikuja na kopi moja, na kopi hiyo ilikodishwa kwa hela nyingi. Wenye kumbi wakatafuta akili: filamu hiyohiyo ionyeshwe kumbi mbili usiku uleule. Ukumbi wa kwanza unaanza mapema, wa pili unachelewa kidogo. Mkanda wa kwanza ukimaliza kuzunguka kwenye mashine, kijana anaudaka, anaufunga kwenye baiskeli na kukimbia nao ukumbi wa pili, anarudi kuchukua unaofuata. Filamu ya Kihindi ni saa tatu. Mikanda ni mingi. Huyo kijana alikuwa anapiga pedali usiku kucha kati ya Majestic na ukumbi mwingine, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana inabidi mmoja ajibanze ukutani. Pancha moja, na mamia ya watu wamekaa gizani wakipiga miluzi huku shujaa ameachwa nusu ya kipigo. Dar nako walifanya mchezo huohuo. Kila mtu aliyeona Awara alimtegemea, na yeye pengine hakuwahi kuiona filamu yote bila kukatishwa.

Chukua mwendesha mashine, juu kwenye chumba kidogo chenye joto, akiunga mkanda uliokatika kabla watu hawajaanza kurusha maneno. Chukua mwenye tochi, aliyejua nani kakaa na nani na akanyamaza. Na chukua mlanguzi. Huyu alinunua tiketi mapema kwa mkupuo, akasubiri dirisha lifungwe, halafu akaanza kupanga bei. Walimlaani na walimtafuta. Mzee aliyemuahidi mkewe Jumapili hakuwa na ubavu wa kurudi nyumbani kumwambia tiketi zimeisha.

Hapo kwa mkewe ndipo penyewe. Wanawake wa Unguja, wakiwemo wale ambao kwa desturi hawakutoka ovyo, walikuwa na nafasi yao sinema. Jumapili ilikuwa ya familia. Na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ambayo mwanamume hakukaribia hata kwa bahati mbaya. Ukumbi mzima ni akina mama, watoto mapajani, buibui limelegezwa, vicheko na vilio bila kuangalia nani anaangalia. Wiki nzima iliyofuata mishono ya nguo, mitindo ya nywele na nyimbo zilitoka kwenye filamu ile. Leo mtu anaona nguo TikTok anampelekea fundi. Bibi alikuwa anaifanya kwa kichwa, anaikariri gauni gizani na kumchorea fundi kesho yake.

Bara, ukitoka kwenye miji yenye kumbi, sinema ilikuja na gari. Kati ya 1935 na 1937 ulikuwepo mradi wa majaribio wa filamu kwa Waafrika, makao yake Vugiri kule Usambara, ambao lori lake lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likionyesha filamu za kufundisha: kodi, afya, kilimo, kuweka akiba posta. Burudani ilikuwa chache, mahubiri mengi. Miaka ya 1950 mwanzoni zikaja filamu zenye waigizaji Watanganyika, na staa wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyohuyo. Miaka kumi baadaye, 1962, alikuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo ukiambiwa wasanii wakae mbali na siasa, una jibu.

Sinema ya gari ilikuwa ya bure na ya wote, watoto mbele, wazee kwenye viti, kina mama na kanga zao pembeni. Lakini gari likiondoka, limeondoka. Halikuacha ukumbi wala dirisha la tiketi, na mtu wa kijijini hakuwa na la kusema kuhusu filamu ipi ije.

Mambo yalianza kuharibika lini? Watu wengi hutupa lawama kwa video na kuishia hapo. Si kweli, au si kweli yote. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalifuatwa na serikali kuchukua kumbi. Bara ikafuata kwa namna yake: mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company, ambayo ilipewa hatamu ya kuingiza na kusambaza filamu, na mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa mali iwe ya umma. Ila mwenye ukumbi wa zamani alijua watazamaji wake kwa majina, alijua filamu gani itajaza na ipi italala. Ofisi haikujua. Miaka ya 1970 mwishoni na 1980 fedha za kigeni zikawa adimu kama sukari, filamu mpya zikapungua, za zamani zikazungushwa mpaka zikawa na mikwaruzo kama mvua. Viti vikivunjika havikutengenezwa. Feni zikinyamaza, zimenyamaza.

Watu bado walienda, na hilo lisisahaulike. Bruce Lee alijaza kumbi. Sholay ilijaza kumbi. Disco Dancer ya 1982 ilifanya kila kijana ajione Mithun. Kumbi hazikufa kwa kukosa mapenzi.

Wakati huohuo Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara ikingoja mpaka 1994 ITV ilipoingia hewani. Katikati ya hapo zikaja deki za video, nyingi zikitoka Uarabuni kwa mikono ya ndugu waliokuwa Oman na Dubai. Mwenye hela akaanza kuangalia sebuleni kwake. Hapo ndipo foleni ile moja ilipokatika. Wa viti vya juu akabaki nyumbani. Wanawake nao wakaelekea sebuleni, maana ukumbi uliochakaa, wenye taa mbovu na vijana wahuni mlangoni, si mahali pa kumpeleka binti. Waliobaki kwenye kumbi ni vijana wa kiume. Na waonyeshaji wakaleta filamu za vijana wa kiume: kung fu, risasi, na mengine ya usiku ambayo yalimaliza kabisa heshima ya jengo.

Dar mambo yaliishia pazuri kwa kuchekesha. Ile drive-in ya Msasani, ambako familia zilienda na gari, mikeka na vyombo vya chakula, ndipo ulipojengwa Ubalozi wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Leo ukijaribu kuegesha gari pale na kutandika mkeka, utajua mwenyewe.

Sasa rudi Shinyanga. Januari 1984, wakati kumbi zinachechemea, alizaliwa Shinyanga mtoto aliyekuja kuitwa Steven Kanumba. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi palepale mjini, akaenda Dar, akaingia Kaole mwaka 2002, na kabla hajafa Aprili 2012 alikuwa uso wa Bongo Movie. Kazi zake nyingi hazikutoka kwenye ukumbi wa sinema. Zilitoka kwenye DVD. Ziliuzwa stendi, zikaonyeshwa kwenye mabasi ya mikoani, zikaangaliwa sebuleni na vibandani. Mtoto wa Shinyanga akawa staa mkubwa wa filamu nchini bila foleni ya Jumapili, bila mlanguzi, bila kijana wa baiskeli. Na mashabiki wake wakubwa walikuwa nani? Dada zetu na mama zetu. Waliozimia kwenye msiba pale Leaders Club walikuwa wamemjua kwenye TV ya sebuleni, siyo kwenye ukumbi.

Hii ndiyo inayoonyesha kwamba maneno ya "wanawake hawapendi kwenda kuangalia filamu" ni uongo. Wanapenda mno. Hawana pa kwenda.

Kibanda umiza kina sifa zake, na kinasemwa vibaya kuliko kinavyostahili. Kiliingia kwenye pengo ambalo halikuzibwa na mtu mwingine. Geita ilifungwa kama mgodi miaka ya 1960, ikafufuka mwaka 2000. Bulyanhulu ikaanza kuzalisha 2001. Watu wakamiminika, vijiji vikawa miji kabla hata ya kupimwa viwanja. Mkoa wa Geita wenyewe umezaliwa 2012. Katika mbio zote hizo zikajengwa baa, gesti, maduka ya dhahabu na nyumba za ibada. Burudani ya jioni isiyo na pombe ikaachiwa mwenye jenereta na mabati. Na DJ wa kutafsiri, fani ambayo Lufufu aliifanya ijulikane nchi nzima, amefanya kitu ambacho Majestic haikuwahi kufanya: mchimbaji asiyejua Kihindi wala Kiingereza anaelewa kila sentensi, na nyongeza za utani juu yake.

Lakini benchi la kibanda halina zanana. Halina Jumapili ya familia. Mwenye kibanda akiulizwa atasema wanawake hawaji, kwa nini awawekee siku? Wenye kumbi za zamani wangeweza kusema hivyohivyo. Badala yake waliwawekea siku yao, wakahakikisha mlangoni hakuna wa kuwasumbua, na wanawake wakaja mpaka tiketi zikaisha. Haikuwa hisani. Ilikuwa hesabu: nusu ya mji ilikuwa na hela ya tiketi na hakuna aliyekuwa anaichukua.

Majestic yenyewe ilipitia kipindi kirefu cha aibu. Mashine za mikanda zilinyamaza, kukabaki projekta ya video, viti vya plastiki na watazamaji wachache. Paa likaharibika, mvua ikaingia ndani. Jirani zake hawakuwa na bahati zaidi: Empire ikawa supamaketi, Cine Afrique ikageuzwa jengo la maduka. Sasa taasisi ya Hifadhi Zanzibar imelibeba suala la Majestic, nia ikiwa jengo lirudi kuwa ukumbi wa sanaa na filamu. Ni kazi ya hela nyingi na subira nyingi, na mjini humo kila jengo kuukuu lina mtu anayeliona kama hoteli.

Wanaopigania jengo hilo wanaongelea kuta, paa na mtindo wa Art Deco, na wako sahihi kuongea hivyo kwa wafadhili. Wazee wa Vuga ukikaa nao barazani hawaongelei mtindo. Mama mmoja anakumbuka kiti, safu ya ngapi kutoka mbele, na nani alikaa kushoto kwake siku ya Mother India, na jinsi wote walivyotoka macho mekundu wakaenda kununua mihogo na pweza pale njiani kabla ya kurudi nyumbani.

Na Katoro, saa tano usiku, filamu inaisha. Vijana wanatoka wakibishana kama jambazi alistahili kufa. Muuza karanga anakusanya vikopo vyake. Hajaingia ndani hata siku moja, ila mabati ni membamba na DJ ana sauti kubwa, kwa hiyo anaijua stori yote. Anawaambia vijana wamekosea: yule jambazi alikuwa kaka yake shujaa, imesemwa mwanzoni kabisa, nyinyi mlikuwa bado mnagombania benchi.